Kila Anayepanda Hutafuta Kwao

Nilikuwa mhudumu kwenye mgahawa wa juu ya kilima kwa miaka mitatu, 2016 hadi 2019, na mpaka leo najua mteja atafanya nini kabla hajavuta kiti. Ataenda ukingoni, kwenye ule ukuta mfupi wa mawe, ataegemea, atanyamaza kidogo, halafu atanyoosha kidole. "Kwetu ni pale." Mgeni aliyeingia jana usiku kutoka Dar es Salaam atatafuta paa la gesti aliyolala. Watoto watatafuta shule yao. Dereva wa watalii atatafuta gereji alikoacha gari. Mlima Meru uko pale mzima, mita 4,562, wa pili kwa urefu nchini baada ya Kilimanjaro, na watu wanaupa bega ili watafute bati moja kati ya maelfu ya mabati.

Kilima chenyewe kiko upande wa Njiro, kusini mashariki mwa mji wa Arusha. Mgahawa sitautaja, maana baadhi ya nitakayoyasema hayapendezi, na waliokuwa wakiuendesha wakati ule si hawa wa sasa. Ukisimama ukingoni ukautazama mji, kushoto kwako ni Unga Ltd na Sombetini, nyumba zimebanana hadi huoni vichochoro. Katikati ni mjini, na yale majengo matatu ya AICC, kituo cha mikutano ya kimataifa, yamesimama pamoja kama ndugu wa tumbo moja. Kulia ni Kijenge, kisha Kimandolu, halafu kijani cha migomba kinaanza kupanda mlimani mpaka kinapokutana na msitu.

Mimi ni mtoto wa Unga Ltd. Mama yangu ameuza ndizi soko la Kilombero tangu sijaanza darasa la kwanza. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili siku nilipopanda kilima kile mara ya kwanza, nikiwa na vyeti kwenye bahasha, na hata kabla sijamsalimia meneja nilikwenda ukingoni kutafuta bati letu. Sikuliona. Nilipata kazi.

Jambo la kwanza nililojifunza ni saa. Arusha iko nyuzi tatu na kitu tu kusini mwa ikweta, na huku kwetu jua likiamua kuzama halibembelezi. Likishagusa milima, kama dakika ishirini baadaye huwezi kusoma menyu bila taa. Mwanzoni mwa Novemba linazama mnamo saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano. Februari linachelewa, linakaribia saa moja kamili. Nusu saa hiyo inaonekana kitu kidogo, lakini muulize anayesimama kwenye jiko la mkaa. Nusu saa ni kuku.

Na halizami mahali pamoja. Hili hakuna aliyeniambia, nililiona mwenyewe kwa kufuta meza zilezile kila jioni. Mwezi wa sita linashukia upande wa milima ya Monduli, karibu na mbele yako ukiutazama mji. Mwezi wa kumi na mbili limeshasogea kushoto kabisa, linaangukia nyika za Umasaini. Kwa hiyo ile meza ambayo wateja waligombania Juni, Desemba ilikuwa inatazama nguzo ya banda. Watu walipiga simu wakasema, "Tuwekee ileile tuliyokaa siku ile." Nikawa nawauliza siku ile ilikuwa mwezi gani, kisha nawapangia nyingine. Walishangaa, wakakaa, na walipoona jua linashuka katikati ya bilauri zao waliniita kuniambia asante. Furaha ya kazi ile ilikuwa kwenye vitu kama hivyo.

Tatizo kubwa la mgahawa wenye mandhari ni kwamba chakula na mandhari vinagombania saa ileile. Watu hufika saa kumi na mbili. Wanakwenda ukingoni, wanaonyeshana kwao, wanapiga picha, jua linazama, wanapiga picha nyingine. Giza likiingia, baridi inawakumbusha njaa, na meza kumi na tano zinaita mhudumu kwa pamoja. Jikoni kuna mapipa mawili yaliyopasuliwa yakawa majiko ya kuchomea. Mbuzi haivi kwa dakika kumi. Kuku wa kienyeji ndiyo usiseme.

Nakumbuka familia moja, watu sita, walikuja kumsherehekea mtoto wa miaka minane. Msichana, amesukwa vizuri, amevaa gauni la njano. Walifika na keki kwenye boksi. Niliwaacha wafurahie mji kwanza, nikidhani huo ndio uungwana, nikarudi kuchukua oda saa moja na dakika kumi wakati kila meza ilikuwa inaagiza. Nyama yao ilitoka saa tatu kasoro. Nilipofika na trei mtoto alikuwa amelala kwenye viti viwili vilivyounganishwa, amefunikwa koti la baba yake, na keki haijakatwa. Mama yake hakunigombeza. Alisema tu, "Dada, tufungie tuondoke nacho." Nilifunga nyama ile kwenye foili huku machozi yananilenga, kwa sababu kosa lilikuwa langu na lilikuwa la kuepukika.

Tangu siku ile nilibadilisha utaratibu wangu. Wateja nilikuwa nawapokea kwenye ngazi, menyu mkononi, kabla hawajauona mji. "Karibuni sana, shikamooni. Niambieni mtakula nini, halafu nendeni mkaone kwenu. Mkigeuka chakula kitakuwa kinakuja." Wengine walikunja uso wakidhani nina haraka ya pesa. Lakini ukimweleza mtu kwamba kuku anataka dakika hamsini na jua limebakiza arobaini, anakuelewa. Ukipanda mahali kama pale, agiza kwanza. Mji hauendi popote.

Jambo la pili lilikuwa upepo, na hapo mwalimu wangu alikuwa mpishi mkuu, mama wa Kibosho aliyekuwa amepika Dar es Salaam miaka mingi kabla ya kuletwa Arusha na ndoa. Alinishika mkono siku moja akanipeleka hadi meza ambayo wateja walikuwa wametoka kuondoka. "Tazama sahani hii." Mbuzi alikuwa amebaki vipande vinne, na pembezoni mwake mafuta yalikuwa yameganda, meupe kama nta ya mshumaa. Akayakwaruza kwa ukucha, yakajikunja. "Walikuwa wanaongea, upepo unakula. Nyama ya mbuzi ikipoa mafuta yanashika kwenye kaakaa, mtu anasema mpishi hajui kazi." Baada ya hapo alikuwa hatoi kilo nzima kwa mkupuo. Nusu inakwenda mezani, nusu inabaki pembeni ya moto, na mimi nafuatilia kwa macho. Vikibaki vipande vitatu ninarudi na moto mpya. Chipsi alizichukia kabisa kwa kilimani, kwa kuwa zinalegea kabla hazijafika meza ya mwisho. Alichokipenda kwa hali ya hewa ile ni mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, kwenye bakuli lenye mfuniko, au ndizi nyama iliyochemka mpaka ndizi ikaanza kupasuka. Mtori unashika joto. Hata mteja akisimama akaenda kuonyesha kwao mara ya pili, akirudi bado unatoa mvuke.

Maharage na makande yalimpa kazi. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kadiri unavyopanda ndivyo maji yanavyochemka kabla hayajafika nyuzi mia. Huko kwetu ni kama nyuzi tisini na tano. Yeye hakuwa na haja ya namba. Alisema, "Huku juu maji yanachemka hayajawa moto." Kwa hiyo alikuwa analoweka tangu jana yake, anafunika sufuria kwa jiwe juu ya mfuniko, na hakuna aliyeruhusiwa kuonja kabla ya saa nne za moto kwisha.

Juni hadi Agosti ni hadithi nyingine. Baridi ya Arusha mnaijua. Kuna siku wingu linashuka mlimani asubuhi, linakaa juu ya mji kama blanketi lililoloa, na ukisimama ukingoni unaona miguu yako na ukuta, basi. Mchana wa kawaida pia mlima hujificha: jua linapopasha mashamba na msitu wa mteremkoni, hewa yenye unyevu hupanda, ikifika kwenye ubaridi inakuwa wingu, na ndiyo maana Meru huonekana vizuri zaidi alfajiri na jioni. Sasa watu hupiga simu: "Dada, leo panaonekana?" Nilielekezwa nijibu ndiyo, panaonekana, karibuni. Nilijibu hivyo mara mbili. Mara ya pili kijana mmoja alipanda na mchumba wake ambaye alikuwa anaondoka kesho yake kwenda masomoni nje ya nchi, akitaka auage mji. Walikaa wamefunikwa shuka za Kimasai tulizokuwa tunawagawia wateja, wanatazama weupe mtupu. Msichana akasema, "Hata sijaona kwetu." Baada ya hapo kila simu ikilia nilikuwa natoka nje na simu sikioni, natazama, na kusema kile ninachokiona. "Leo hapana, kaka. Ila chakula kipo, na mtori ni wa moto." Wengi walikuja hivyohivyo, na walikuja wakijua.

Sasa niseme lile ambalo limenikaa moyoni.

Ukingoni palikuwa na meza sita. Amri ilikuwa kwamba hizo ni za watalii wanaotoka safari, Serengeti au Ngorongoro, wakilala Arusha usiku mmoja kabla ya ndege. Wenyeji waketi nyuma. Amri haikuandikwa popote. Ilitolewa kwa kidevu. Jioni moja mwaka 2018 alikuja mzee mmoja na mkewe na wajukuu watatu. Alikuwa fundi mwashi mstaafu, na alikuwa amewaleta wajukuu awaonyeshe majumba aliyoyajenga. Meza za ukingoni zilikuwa tupu, nikamkalisha. Alikuwa na namna yake ya kuonyesha: ananyoosha kiganja kizima, kama anayepima ukuta kama umenyooka. "Lile lenye vigae vyekundu, msingi wake niliumwaga mimi. Lile la nyuma yake, mimi na babu yenu mdogo." Wajukuu walikuwa wamemkazia macho.

Magari mawili ya watalii yakaingia. Kidevu kikainuka upande wangu.

Nilikwenda. Nilisema, "Mzee, samahani, meza hii ina wenyewe." Mzee alinitazama, akatazama magari, akaelewa. Alisimama bila neno, akabeba sahani yake kwa mkono wake mwenyewe. Mkewe alibeba soda za watoto. Nilipotaka kumsaidia akasema, "Hakuna shida mwanangu, sisi tumeshaona." Walimalizia kula wakitazama ukuta wa jikoni. Wale wageni walioketi pale hawakujua lolote, na walikuwa watu wema, walikaa robo saa wakachoka na baridi wakaingia ndani. Meza ikabaki tupu usiku kucha.

Wiki iliyofuata nilimwambia meneja kwamba mtu akishaketi, mimi simwinui tena. Nilidhani nitafukuzwa. Sikufukuzwa, kazi ile ya kuinua watu akapewa mwenzangu, ambaye hakuwa na nguvu ya kukataa kwa sababu alikuwa na mtoto mdogo. Kwa hiyo sikuokoa kitu. Nasema hivi kwa sababu wapo wenye migahawa watakaosoma. Mtalii anatazama taa. Mwenyeji anasoma mji, anajua kila taa ni ya nani, na kwake mandhari yale yana thamani ambayo huwezi kuipandisha bei. Wote wawili wanastahili ukingo. Anayetangulia aketi.

Mwaka mmoja kabla ya hapo nilikuwa nimejifunza jambo lililo kinyume chake: si kila mtu anautaka ukingo. Alikuja bwana mmoja wa makamo, Mnyarwanda, mpole sana, Kiswahili chake safi. Jioni ile hakukuwa na magari ya watalii, nikampa meza nzuri kuliko zote, nikiona nimemtendea hisani. Aliketi, akakaa kidogo, akasema, "Dada, naweza kugeuza kiti?" Akakigeuza kikaelekea mlimani. Nikadhani hajaelewa alichokiacha, nikaanza kumweleza kama tulivyofundishwa: yale majengo matatu ni AICC, yanaitwa Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro, yalijengwa kwa ajili ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani, ile iliyovunjika 1977.

Aliniacha nimalize. Kisha akasema, "Nayajua. Nimekaa mle ndani miaka kumi na moja nikitafsiri."

Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, iliyosikiliza kesi za mauaji ya kimbari ya 1994, ilikaa ndani ya majengo yale kuanzia 1995 mpaka ilipofunga kazi mwisho wa 2015. Sisi watoto wa Arusha tulikua tunaona magari meupe ya Umoja wa Mataifa yakipita, na habari yenyewe hatukuifikiria sana. Yule bwana aliniambia jambo moja tu, na alilisema akiwa anatazama mlima. Mkalimani hasemi "anasema alijificha." Shahidi akisema "mimi nilijificha", mkalimani naye anasema "mimi nilijificha." Kwa siku nzima, na kesho yake, na mwaka unaofuata.

Sikuwa na la kusema. Nilimletea kuku na ndizi za kuchoma, nikamwekea shuka mabegani bila kumuuliza, akaipokea. Alikaa mpaka Meru ukamezwa na giza. Tangu siku ile swali langu la kwanza mezani likawa, "Mngependa kutazama mji au mlima?" Ni swali dogo. Utashangaa ni wangapi husema mlima, na hutawauliza kwa nini.

Nigusie njia ya kushuka, maana imeua watu. Barabara za vilimani ni za mteremko mkali, changarawe juu, mitaro pembeni, na masika zinateleza kama sabuni. Vijana wa bodaboda hushuka wamezima injini kuokoa mafuta, wanategemea breki peke yake. Breki ikipata moto inachoka, na hakuna injini ya kusaidia kushika mwendo. Kama umepanda kwa bodaboda, patana na dereva mapema mahali na saa ya kukuchukua, na mwambie kabla hujakaa: injini iwake, gia iwe ndogo. Usimwonee haya. Nimewahi kushika tochi ya simu pembeni ya mtaro tukisubiri gari la kumpeleka mtu hospitali ya Mount Meru, na mtu yule dakika ishirini nyuma alikuwa ameketi kwenye meza yangu akicheka.

Niliacha kazi 2019. Siku hizi napika chakula cha sherehe, ubatizo na vikao vya harusi, mapishi mengi ni yale ya mama wa Kibosho. Na kwa miaka yote ile mitatu, mama yangu hakuwahi kupanda kilimani. Kila nilipomwalika alisema ndizi hazingoji. Mwaka jana mwezi wa kumi, jakaranda zikiwa zimeupaka mji rangi ya zambarau, magoti yalimlazimisha apumzike soko kwa wiki mbili, nikaona ndiyo nafasi. Nilikodi bajaji mpaka mlangoni.

Alivaa kitenge chake cha kanisani. Kabla ya kutoka nilimwona anasimama kwenye swichi, anawasha taa ya nje, na jua bado linawaka. Nikamwambia, mama, unamaliza luku. Akasema, "Si ulisema watu wakifika huko wanatafuta kwao? Sasa nitakuonaje kwetu kukiwa giza?"

Tulifika saa kumi na moja na nusu. Niliagiza pale ngazini, mtori na nusu kilo ya mbuzi, kisha nikamshika mkono tukaenda ukingoni. Meza zilikuwa wazi, hakuna aliyetuzuia. Nikangoja anyooshe kidole kuelekea Unga Ltd. Hakunyoosha. Aligeukia kulia, akautazama mlima, akaendelea kutazama kile kijani cha chini ya msitu mpaka nikaanza kuingiwa na wasiwasi. Alizaliwa Poli, Umeruni. Wazazi wake wamezikwa kule kwenye migomba. Akasema, "Kule wanavuna sasa hivi," kwa sauti ya mtu anayezungumza na chumba kingine cha nyumba.

Halafu ndipo akageukia mji. Nikamwonyesha soko la Kilombero, nikamwonyesha upande wa nyumbani. Alinyoosha mkono wake mbele, akafumba jicho moja, akaweka kiganja juu ya mji, kiganja chenye utomvu wa ndizi ulioingia kwenye mistari usiotoka kwa sabuni yoyote. Kutoka nyumbani mpaka sokoni kulifichwa na vidole viwili. "Hapa tu?" akasema. "Miaka yote ile ni hapa tu?" Akarudisha mkono, akautazama, akaupeleka tena.

Mtori ulikuja wa moto. Aliusifu, kisha akasema ndizi walizotumia si mshare, akaeleza kwa urefu kwa nini, na alikuwa sahihi. Mhudumu alikuwa msichana mdogo, viatu vimeisha upande mmoja kwa kusimama. Mama akamuuliza, "Na wewe umekula, mwanangu?" Miaka mitatu nilibeba sahani mahali pale, na sikumbuki mteja aliyewahi kuniuliza hivyo. Msichana akasema atakula wakifunga. Mama akamega mbuzi vipande viwili vizuri, akavifunga kwenye tishu, akamtia kwenye mfuko wa aproni kabla hajakataa.

Jua likazama. Zikawaka taa, kwanza za barabarani, kisha za madukani, halafu mji mzima ukawa majivu yenye makaa. Mama akaanza kutafuta taa yake, asiione. Nikamwonyesha taa nyekundu ya mnara wa simu, nikamwambia shuka chini kidogo, sogea kushoto. Kila nukta ilifanana na mwenzake. Nilijua itakuwa hivyo, nimeona wengi wakiishia hapo, wanakubali, wanarudi kwenye viti vyao.

Yeye akatoa simu kwenye pochi, akampigia mdogo wangu. "Uko ndani? Zima taa ya nje."

Tukatazama. Hakuna.

"Sasa washa. Zima. Washa tena."

Chini ya taa nyekundu, kushoto, nukta moja ikawaka. Ikazimika. Ikawaka.

Mama akanishika mkono kwa nguvu. Yule msichana alikuwa amesimama nyuma yetu na trei kiunoni, amesahau meza aliyokuwa anaipelekea soda. "Ni ile?" akauliza. "Ni ile," mama akasema, kisha akaongea tena kwenye simu, "Basi iache hivyohivyo, usiizime. Tunashuka sasa hivi, nakuletea nyama."